Shingo Ina Njia Zake

Shavu halihitaji mwalimu. Lina mfupa chini yake, ngozi imekaa sawasawa, na ndevu zake karibu zote huteremka upande mmoja; hata mtu mwenye usingizi anaweza kulinyoa asijidhuru. Mwalimu anahitajika chini ya taya. Hapo ngozi ni legevu, koromeo linapanda na kushuka kila unapomeza mate, na ndevu hazifuati amri moja. Za upande wa kulia zinaweza kulala kuelekea sikio, za kushoto zikaelekea kifua, na za katikati zikakaa kimshazari bila sababu anayoijua mtu. Nimekutana na wanaume wenye wajukuu ambao hawajui ndevu zao za shingoni zinaelekea wapi. Mimi nilijua mapema, kwa kuwa mjomba wangu alikataa kunipa wembe kabla sijamwonyesha.

Tulikuwa Kibua, mashariki mwa Kongo, kwenye barabara ya udongo inayotoka Masisi, ikapitia Nyabiondo na kuteremka kuelekea misitu ya Walikale. Ni nchi ya Wahunde, Wanyanga na Watembo. Nchi ya migomba, michikichi, sombe na bugali wa muhogo, na mvua isiyopiga hodi. Nyaya za umeme hazikuwahi kufika. Mashini ya kunyolea inayonguruma ilikuwa kitu cha Goma, au cha mtu mwenye jenereta na mafuta ya kuitia. Sisi wengine tulinyolewa kwa wembe mtupu, ule mwembamba wa pande mbili, ulioshikwa kwa vidole au kubanwa kwenye kitana. Ukitaka kujua nani amenyolewa wiki hiyo, ulitazama shingo: vipele vyenye vichwa vyeusi, vingine na usaha, vingine vimeshakuwa makovu. Wazee walisema ni damu chafu inatafuta njia ya kutokea. Vijana walisema ni wembe mbovu. Kila mmoja alikuwa na dawa yake, kuanzia maji ya ndimu hadi petroli ya taa, na sina haja ya kueleza petroli hufanya nini kwenye ngozi iliyokwanguliwa asubuhi hiyo.

Mjomba alikuwa muuguzi. Shingo yake ilikuwa safi, jambo ambalo watu walilihusisha na sindano za kituo cha afya, kana kwamba alikuwa anajidunga kitu kwa siri. Siri yenyewe ilikaa ndani ya kopo la maziwa ya unga: kinyoleo cha chuma cha vipande vitatu. Kulikuwa na mpini mzito wenye mikato ili usiteleze mkononi, sahani ndogo yenye meno ya kukinga ngozi, na kifuniko kilichojikunja kidogo. Ulilaza wembe kati ya sahani na kifuniko, ukakaza mpini kwa kuuzungusha, na wembe ukajipinda kufuata umbo la kifuniko. Makali yakabaki yanachungulia tu pembeni. Wembe ulikuwa uleule tuliouziwa sote kwenye kioski, mmoja mmoja, katika kikaratasi chake. Tofauti yake na sisi ilikuwa kwamba wembe wake ulikuwa umefungwa mahali pamoja, kwa pembe moja, haukuyumba pamoja na hofu ya aliyeushika.

Aliyeingiza chombo hicho katika maisha ya watu wengi ni Mmarekani King Gillette, mfanyabiashara aliyetaka kuuza kitu ambacho mteja atakitumia, atakitupa, kisha atarudi kununua kingine. Mwaka wa kwanza wa mauzo, 1903, kampuni yake iliuza vinyoleo 51 tu. Hataza akapewa Novemba 1904, na mwaka huohuo mauzo yakapita vinyoleo 90,000. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi lake lilichukua vinyoleo milioni 3.5 kwa ajili ya askari, na askari wakarudi nyumbani na mazoea mapya ya kujinyoa wenyewe kila asubuhi. Hataza zile za mwanzo ziliisha mwaka 1921. Tangu hapo yeyote mwenye kiwanda anaweza kutengeneza wembe wa namna hiyo, na ndiyo maana leo wembe wa India, wa Misri au wa Pakistani unaingia vizuri ndani ya kinyoleo cha Mjerumani. Mjomba hakuyajua yote haya. Alijua tu kwamba wembe wowote wa kioski ulikaa.

Nilipomwomba anifundishe, alinitazama shingo, akasema: "Acha kwanza. Usinyoe hadi niseme." Nikakaa na ndevu hadi vipele vikalala na nywele zikawa ndefu kiasi cha kuonyesha zinakolala. Kisha akaniketisha nje, mahali penye mwanga, akanipa daftari na penseli.

"Mwipwa, mambo ya wembe inaanzia ku vidole," akasema. "Pitisha kidole. Fasi inakwaruza, uko unapanda. Fasi inateleza, njia ni ile."

Alitaka nichore. Nikachora taya, koromeo, mstari wa ukosi, kisha nikaanza kuweka mishale. Ilinichukua muda, maana vidole hudanganywa na mazoea. Unaamini ndevu zinashuka kwa sababu umezinyoa kwa kushuka tangu mwanzo. Upande wa kulia wa shingo yangu mishale ilielekea nyuma, karibu mlalo kabisa. Chini ya koromeo ndevu zilipanda juu. Zilipanda! Miaka yote kinyozi alinianzia juu akishuka, akidhani anafuata ndevu, kumbe pale chini anazipinga. Mjomba aliitazama ile ramani, akacheka kidogo, akasema kila mtu ana yake, hata ndugu wa tumbo moja hawalingani.

Nadhani hilo ndilo somo lenyewe, na yaliyobaki ni maelezo yake. Watu wengi huuliza wanunue wembe gani, sabuni gani, mafuta gani. Hakuna wembe utakaokusaidia kwenye shingo usiyoijua.

Maji yalikuwa ya moto wa jikoni, yakapozwa hadi mkono uvumilie. Kitambaa kilichochovywa kikakaa shingoni dakika mbili tatu, huku Radio Okapi ikisoma habari ndani. Unywele mkavu ni mgumu kuliko unavyofikiri. Ukinywa maji huvimba na kulainika, na wembe haulazimiki kuuvuta ndipo uukate. Sabuni ya kufulia mjomba aliikataa kwa sababu inakausha. Alitumia ya kuogea, aliyoipiga kwa brashi hadi ikatoa povu zito. Povu jepesi lenye mapovu makubwa alilifuta, akaanza upya. Lilionekana zuri, alisema, lakini halina maji ndani yake.

Kisha pembe. Uweke mpini utokeze moja kwa moja mbele ya ngozi, kifuniko tu kikiigusa. Hapo wembe haukati chochote. Uanze kuuteremsha taratibu huku ukivuta kidogo kidogo, hadi usikie ule mlio mdogo wa unywele unaokatika. Ukiusikia, simama papo hapo, usishushe zaidi. Nyuzi thelathini hivi, kama mtu ana haja ya namba. "Kama unasikia kelele ya kukata, uko sawa," alisema. "Kama hausikii kitu, unakwangula."

Na nguvu. Hapa alikuwa mkali kuliko kwenye jambo jingine lolote. Alishika mkono wangu, akauinua nikaona nilikuwa nakandamiza kama anayeparura muhogo. "Chuma iko na uzito yake. Kazi yako ni kuiongoza tu." Nilijaribu kushika mpini mwishoni kabisa, kwa ncha za vidole, na ajabu ni kwamba ndevu zilikatika vilevile. Tunakandamiza shingoni kwa sababu shingo inatuogopesha, na mwanamume anayeogopa huongeza nguvu. Mvuto mfupi, wa urefu wa kucha mbili tatu, suuza, mvuto mwingine. Ukifika pale ndevu zinapopanda, geuza mkono, nyoa kwa kupanda. Ukifika pale zinapolala kuelekea sikio, nyoa kuelekea sikio. Inaonekana ya ajabu kwenye kioo, mkono unazungukazunguka kana kwamba haujui unakokwenda, lakini ndio unaojua.

Jambo moja lilinishangaza. Vinyozi wote niliowajua walivuta ngozi ya shingo kwa kidole gumba ili ikaze. Mjomba alinikataza. Ngozi ikivutwa, unywele hutokeza nje zaidi ya kawaida yake. Ukiukata hapo, kisha ukaiachia ngozi, ncha iliyokatwa inarudi ndani, chini ya uso wa ngozi. Kwa mtu mwenye nywele zilizonyooka hilo ni raha tu, atajisikia laini siku nzima. Kwa mtu mwenye nywele zinazojikunja kama zetu, ni mwanzo wa balaa. Unywele wetu hukua kwa kupinda. Ukikatwa mfupi sana, ncha yake kali hupinda na kuchoma ngozi: ama inatoka nje kisha inajirudisha ndani milimita chache mbele, ama haitoki kabisa, inapasua ukuta wa kishimo chake na kuendelea kukua humohumo. Mwili unauona unywele wake wenyewe kuwa mgeni aliyevamia, unaupiga vita, na kipele ni uwanja wa vita hiyo.

Madaktari wawili wa Marekani, John Strauss na Albert Kligman, waliandika juu ya hali hiyo mwaka 1956, na tangu hapo imejulikana kuwa inawasumbua zaidi wanaume wenye asili ya Afrika. Damu chafu haimo. Wembe mbovu una sehemu yake, kwa sababu butu huvuta na kukwangua, lakini hata wembe mpya kabisa utakuletea vipele ukiutaka ukate chini ya pale ngozi inapoishia. Ndiyo sababu sikubaliani na wanaosifu vile vinyoleo vya plastiki vyenye nyembe tatu au tano zilizopangwa pamoja. Wembe wa kwanza unauvuta unywele, wa pili unaukata, wa tatu unaukata tena kabla haujarudi mahali pake. Kazi nzuri sana, na kwenye shingo ya mtu wa kwetu ni kazi ya kuotesha vipele. Wembe mmoja kwenye kinyoleo cha chuma una sifa ambayo muuzaji hawezi kuitangaza: hauwezi kunyoa hivyo. Unabakiza kitu kidogo.

Kubakiza ndiko kulikokuwa kugumu kwangu. Unapitisha wembe mara moja, unafuata mishale yako, unapapasa, na kidole kinahisi mkwaruzo. Mkono wenyewe unataka kurudia, safari hii kinyume, ili mkwaruzo uondoke. Mjomba aliniambia niusikie mkwaruzo huo niuache. Mtu aliyesimama hatua mbili kutoka kwangu hataona kitu. Ni mimi tu nitakayejua, na labda mke wangu.

Ila kwa kijana wa Kibua wa miaka ile, jambo hilo halikuwa la kioo peke yake. Tulikulia katika nchi ya makundi yenye silaha na vizuizi vya barabarani. Ndevu ndefu zilikuwa na maana: mtu huyu ametoka msituni. Hakuna aliyekwambia rasmi, wala hapakuwa na sheria, lakini wanaume waliofunga safari kwenda Masisi walinyoa kabla ya kuondoka kama walivyohakikisha kadi ya uchaguzi, ambayo ndiyo kitambulisho chetu, imo mfukoni. Na walinyoaje? Alfajiri, gizani, kwa maji baridi, kwa haraka ya kuwahi motari, yaani dereva wa pikipiki, kupanda na kushuka hadi shingo iwe laini kabisa, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyetaka askari atazame mara mbili. Kisha saa nyingi za jasho na vumbi, ukosi wa koti la mvua ukisugua palepale. Sijaona mpango bora wa kuharibu shingo. Wakirudi, walikilaumu kioski kwa wembe mbovu.

Mjomba alikuwa na hadithi ya ukosi iliyo ya zamani kuliko yangu. Wakati nchi yetu ikiitwa Zaire, Rais Mobutu aliwavua wanaume suti na tai kwa jina la uhalisi wa Kiafrika, akawavika abakosti, koti lenye ukosi uliofungwa hadi juu. Mfanyakazi wa serikali alilivaa, apende asipende, hadi hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990 iliporuhusu vyama vingi na tai pia. Mjomba alisema siku ile wengine walisherehekea demokrasia, yeye alisherehekea shingo. Kitambaa kizito juu ya ngozi iliyonyolewa asubuhi hiyohiyo, kwenye joto, kilimfundisha kunyoa jioni badala ya alfajiri, ngozi ipate usiku mzima wa kupumzika bila kuguswa na ukosi. Nami hunyoa jioni hadi leo. Ni ushauri wa bure na sijui kwa nini hautolewi mara kwa mara.

Kwingineko duniani watu wamefika hadi mahakamani kwa ajili ya ngozi hii ya chini ya taya. Katika jeshi la Marekani, askari Weusi wengi wamelazimika kuomba kibali cha daktari ili wasinyoe, na kibali hicho kimewaletea macho mabaya ya wakubwa. Kule Omaha, Nebraska, kijana mmoja Mweusi aliyekuwa akipeleka piza alifukuzwa kazi kwa kukataa kunyoa ndevu, naye alikuwa na vipele hivihivi. Mwaka 1993 mahakama ya rufaa iliona kwamba sharti la kutokuwa na ndevu kabisa liliwaumiza wanaume Weusi kuliko wengine, na kwamba mwajiri hakuwa ameonyesha ulazima wake. Niliposoma habari hiyo nilifikiria vizuizi vyetu. Anayedai shingo laini ni mwingine, na atakayeamka kesho na usaha ni wewe.

Sitaki kumfanya mjomba mtakatifu. Alikuwa na ushabiki wake, kwa mfano juu ya picha ya Patrice Lumumba, ambayo kwake ilikuwa ushahidi wa kila kitu: kidevu chenye ndevu zilizochongwa, na chini yake shingo safi. "Tazama!" alisema, akigonga picha kwa ukucha. Aliamini mtu mwenye shingo ya namna hiyo alijinyoa mwenyewe. Huenda. Picha za mwaka 1960 hazionyeshi vipele vya mtu.

Lakini juu ya usafi alikuwa sahihi, na hakuruhusu utani. Wembe ni wa mtu mmoja. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili siku saba, kwenye tone la damu usiloliona. Ukimwi nao ulikuwa sababu ya kutosha. Mwaka 2019, Ebola ilipofika hadi Pinga, ndani ya wilaya yetu ya Walikale, watu walioanza kuogopa wembe wa kinyozi waligundua kwamba mjomba alikuwa akiwaambia hivyo tangu zamani. Wembe wake aliutumia mara chache, akauacha ukauke, na ulipoanza kuvuta badala ya kukata akautia kwenye kopo la nyanya lililotobolewa kitundu kwa juu. Kopo lilipojaa lilizamishwa chooni. Watoto hawakuwahi kuokota wembe kwenye ua wake.

Baada ya kunyoa, maji baridi, taulo la kubonyeza bila kusugua, basi. Manukato yenye spiriti aliyaita adhabu. Kipele kikitokea, usikitumbue wala usichimbue unywele kwa pini. Acha kunyoa wiki tatu au nne, unywele wenyewe ukirefuka utajinyanyua na kutoka. Wiki tatu za ndevu, katika nchi ya vizuizi, ni ombi kubwa, najua. Hapo ndipo nilipowaona watu wazima wakichagua kipele.

Kwa sasa hunyoa shingo kila baada ya siku mbili au tatu, mara moja tu, kwa kufuata mishale ambayo sihitaji tena kuichora. Makovu ya zamani yamebaki, meusi kidogo kuliko ngozi. Mdogo wangu hana hata moja. Yeye alikataa kinyoleo cha mjomba tangu mwanzo, akanunua mashini ya kunyolea inayochajiwa kwa sola, anaipitisha shingoni bila kibao, inabakiza ndevu fupi kuliko unene wa kucha, na hajawahi kuota kipele. Hafahamu mishale yake inaelekea wapi, wala hajali. Ninapomweleza habari za pembe na povu anasikiliza kwa heshima ya mdogo kwa kaka yake, kisha anawasha mashini. Sina jibu la kumpa, isipokuwa majira ya mvua, mawingu yanapokaa juu ya Kibua siku nyingi mfululizo na betri inakataa. Ndipo huja mlangoni kwangu jioni, shingo imeota, anabisha hodi na kuniita yaya, yaani kaka, kwa sauti tamu kuliko kawaida. Kinyoleo humwazima. Wembe akanunue kioski.